Panga safari ya Kilimanjaro kwa kuanzia mahali pa kulala

Wadogo zangu mliopata leseni ya kuongoza wageni msimu huu, na ninyi mnaoanza kazi ofisini Moshi na Arusha mkipanga ratiba, hongereni. Mengi mtafundishwa njiani na waliowatangulia. Mimi nataka nikae kwenye jambo moja ninaloona linapitwa haraka: safari ya mlima huamuliwa kabla hamjafika getini, na kinachoiamua ni wapi watu watalala kila usiku.

Mgeni akipiga simu huuliza kilomita. Ngapi kwa siku, saa ngapi za kutembea. Mjibu, lakini kwenye daftari lako andika safu mbili: kimo cha juu mtakachofika mchana, na kimo cha kambi ya usiku. Madaktari wa mambo ya milima hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, kambi ya usiku isipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku ya kuzoea hewa. Sasa chukua njia ya Marangu ya siku tano. Kambi ya Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo karibu 4,700, halafu usiku uleule safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kila kukicha mmeruka karibu mita elfu moja. Hiyo ndiyo ratiba ya bei nafuu, ndiyo inayouzwa sana kwa Watanzania wenzetu wanaotaka kufika kileleni tarehe 9 Desemba, na ndiyo inayowatesa watu kuliko zote. Njia yenyewe si ngumu kwa miguu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mkishauriana na mteja, mwombe aongeze usiku wa pili Horombo. Asubuhi mnapanda hadi Miamba ya Pundamilia na zaidi kidogo, mnarudi kula na kulala palepale. Gharama ya siku hiyo moja ndiyo pesa inayofanya kazi kubwa kuliko yote atakayolipa.

Njia za Machame na Lemosho zina faida kwamba ardhi yenyewe inakusaidia. Kutoka kambi ya Shira, karibu mita 3,800, mnapanda hadi Lava Tower, mnara wa mwamba kwenye mita 4,600, mnakula chakula cha mchana pale, kisha mnashuka kulala kambi ya Barranco chini kidogo ya mita 4,000. Mwili umeonja hewa nyembamba mchana na usiku umepata nafuu. Naona vijana wakiwapitisha wageni njia ya chini siku hiyo kwa sababu kuna ukungu au mtu kachoka. Kama mgeni anaumwa kweli, sawa, mpitishe. Kama amechoka tu, mpeleke Lava Tower polepole, mkae nusu saa, mshuke. Siku hiyo ndiyo inayokulipa usiku wa kileleni.

Halafu kuna kambi ya Karanga. Tofauti ya Machame ya siku sita na ya siku saba ni usiku wa Karanga. Kwenye siku sita, mnatoka Barranco asubuhi, mnapanda ukuta wa mwamba wa Barranco, mnavuka Karanga na kuendelea hadi kambi ya Barafu kwenye mita 4,673. Mnafika alasiri mmechoka, chakula kinaliwa kwa shida, na saa tano usiku mnawaamsha watu waende kileleni. Kwenye siku saba mnalala Karanga, kesho yake mnatembea saa tatu au nne tu, mnafika Barafu kabla ya chakula cha mchana, na mgeni ana mchana mzima wa kulala. Miguu ni ileile, mgeni ni yuleyule, ila anaamka mtu mwingine kabisa. Ofisini mkiona mteja anabana pesa, mpunguzieni kwenye hoteli ya Moshi au siku za mbugani, lakini usiku wa Karanga msiuguse. Mwenye muda na uwezo mpeni Lemosho ya siku nane. Njia ya Umbwe ni kali na inapanda haraka mno, msimuuzie mtu asiyewahi kulala kwenye mwinuko.

Ukishajua mnalala wapi, kila kambi iandikie njia ya kumtoa mgonjwa. Hili halimo kwenye karatasi anayopewa mteja, lakini kwenye daftari lako liwepo. Tambarare ya Shira inafikiwa na gari la uokoaji kwa barabara ya upande wa magharibi. Horombo kuna barabara ya Kilema. Barafu mnashuka njia ya Mweka, na ndani ya saa chache mgonjwa yuko chini ya mita 4,000. Barranco ni habari nyingine. Mbele kuna ukuta, nyuma kuna kupanda tena kuelekea Lava Tower, na Umbwe inateremka kwa ukali ambao wabeba machela wanaujua vizuri. Kwa hiyo mgeni mwenye dalili mbaya Shira, uamuzi wake ufanyike Shira. Usimvushe kwa matumaini kwamba kesho atakuwa sawa. Na helikopta msiiweke kwenye hesabu kama ndiyo mpango wenyewe, kwa sababu ukungu ukifunga, na mara nyingi hufunga kuanzia mchana, haiji.

Sasa wagumu, yaani wapagazi wetu. Naanza na mfano: wageni wanne, Machame, siku saba. Una kiongozi mkuu, wasaidizi wawili, mpishi, na wapagazi kumi na wawili hadi kumi na wanne. Sheria ya hifadhi ni kilo 20 za mzigo wa kampuni kwa mpagazi, na mizani ipo getini. Asubuhi ya getini ukiiona kwa karibu utaelewa kila kitu kuhusu maandalizi ya kampuni. Waliopanga jana usiku, mabegi yao yanaenda kwenye mizani moja baada ya jingine na yanapita. Wasiopanga wanafungua magunia pale chini, viazi vinahamishwa huku, mtungi wa gesi kule, mpishi anapiga kelele, na kuna kijana mmoja anasukumiwa mzigo wa ziada wakishavuka kona ambapo askari haoni. Huyo kijana ndiye atakayefika kambini giza limeingia, na hema la mgeni liko mgongoni mwake. Mkitaka ubinafsi tu, hata huo unawaambia mpime mizigo mjini. Lakini mimi nawaambieni kwa sababu ni mwenzetu.

Pimeni Moshi, jioni, kwa mizani ya mkono. Hapohapo mwangalieni kila mpagazi ana nini: viatu vya kufunga, koti la mvua, sweta, soksi kavu, mfuko wa kulalia. Watu huganda mlimani wakiwa na mzigo wa mgeni uliofungwa vizuri kwenye plastiki ngumu na wao hawana koti. Kama hana, asipande mpaka apatiwe. Chakula chao nacho kiandikwe kwenye orodha ya manunuzi kwa kilo, unga, maharage, dagaa, nyama ya siku za mwanzo, wala kisiwe makombo ya meza ya mgeni. Na hema lao lihesabiwe kwa vichwa, walale wamenyooka.

Barafu inadai hesabu yake peke yake, kwa sababu pale hakuna maji. Maji yanatoka bonde la Karanga, karibu kilomita nne nyuma na mita mia sita na zaidi chini. Rudi kwenye mfano wetu: watu ishirini na kitu. Mgeni anahitaji lita tatu hadi nne za kunywa, kikosi kinakunywa, jiko linapika supu, chai na uji wa usiku. Huwezi kukwepa lita 80, na afadhali mia. Dumu moja la lita 20 tayari ni zigo kamili la mtu. Ina maana watu wanne au watano wanabeba maji tu, juu ya mizigo iliyokuwepo, kwa hiyo lazima warudi mara ya pili. Kama hukuwahesabia watu hao ulipopanga, utawaomba vijana waliochoka waende tena, au utawapa wageni maji kidogo usiku ambao wanayahitaji kuliko siku zote.

Kikao na wageni mkifanye jioni ya kuamkia safari, na kisiwe cha maneno matupu. Waambie wamwage mabegi kitandani. Jinzi inabaki hotelini. Fulana za pamba zinabaki, kwa sababu zikilowa jasho hazikauki. Shika glavu zao, zivae wewe mwenyewe, ufunge vidole. Kileleni alfajiri baridi inashuka nyuzi 10 chini ya sifuri na mara nyingine inazidi hapo. Kiatu kipya kabisa ni tatizo, mwambie avae leo hii atembee nacho sokoni. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2019, kwa hiyo wawe na chupa za kudumu. Wapo wanaokuja na vidonge vya acetazolamide walivyoandikiwa kwao. Dozi ni ya daktari wake, wewe andika nani anatumia na alianza lini, na ujue kwamba vinamwamsha usiku kwenda msalani.

Kwenye kikao hichohicho tajeni saa ya kugeuka. Mkitoka Barafu saa sita usiku, kubalianeni kabisa kwamba ikifika saa fulani asubuhi na mtu hajafika Stella Point, pale kwenye ukingo wa kreta, anarudi. Akilisikia Moshi akiwa ameketi na chai mkononi atalielewa. Akilisikia mara ya kwanza kwenye mita 5,500, akiwa amelipa maelfu ya dola, atalia na mtabishana.

Kila jioni, baada ya chakula, pita kwa kila mgeni. Kichwa vipi, tumbo vipi, kizunguzungu, umekula kiasi gani. Tazama sahani, usisikilize mdomo peke yake, maana wageni huficha wakiogopa kurudishwa. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasaidia, lakini kidole cha baridi kinatoa namba ya uongo, kwa hiyo pasha mkono kwanza. Ukiwa na wasiwasi, chora mstari kwenye vumbi mbele ya hema, mwambie atembee juu yake kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Akiyumba, ubongo umeanza kuvimba. Akikohoa na kukosa pumzi hata ameketi, ni mapafu. Hali zote mbili zinaua, na dawa yake ni kushuka sasa hivi, usiku huohuo, pamoja na msaidizi, mpagazi mwenye nguvu, oksijeni na redio. Hamsubiri kuche. Ndiyo maana nasema wasaidizi wahesabiwe wakutoshe: mmoja akishuka na mgonjwa, walio juu wasibaki bila mtu.

Misimu mnaijua. Masika, Machi hadi Mei, njia za kusini ni tope na theluji inakuwa nyingi juu. Vuli ni nyepesi lakini inalowesha. Kama mteja hana tarehe nyingine, njia ya Rongai upande wa kaskazini ni kavu zaidi. Anayetaka mwezi mpevu kwa usiku wa kileleni, mpangieni, ni mwanga mzuri, ila juu panakuwa na watu wengi.

Siku ya mwisho msiichukulie kama imekwisha. Kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, ni kushuka mita 2,800 kwa siku moja na magoti yaliyokesha. Watu wengi huumia vifundo vya miguu hapa. Mpangieni msaidizi mmoja akae nyuma na wa mwisho, na mpishi awe na chakula cha moto Barafu wakirudi. Bakshishi nayo iwe imeelezwa tangu Moshi, kiasi cha kila cheo kwenye karatasi, itolewe mbele ya kikosi kizima na kila mtu asikie cha kwake. Baada ya hapo kaa na mpishi na wasaidizi wako kabla gari halijaondoka geti la Mweka, mwandike gesi iliyobaki, chakula kilichorudi, hema lililovuja na mpagazi ambaye viatu vyake vimeisha, ili safari ya wiki ijayo ipangwe kwa karatasi hiyo.