Ninunue injini ipi kuukuu nijifunzie ufundi wa pikipiki?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Mikindani, Mombasa, nimemaliza kidato cha nne na nataka kujifunza ufundi wa pikipiki. Muuza vyuma chakavu ana injini mbili. Moja ni ya Boxer 150, imenoki, juu imeshafunguliwa na vipande vimo guniani. Ya pili ni ya Kichina, 125 ya fimbo, haijafunguliwa, ila mwenyewe asema ilikuwa ikitoa moshi. Ninunue ipi, na niikague vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua ya Kichina.

Najua Boxer ndizo zimejaa stejini na ndizo zitakazokulisha baadaye. Lakini hiyo ya guniani imefunguliwa na mtu mwingine, na wewe unahitaji injini utakayoifungua mwenyewe, uone kila washa ilikaa wapi na kila bolti ina urefu gani. Tena guniani hakukosi kupotea pini au klipu, na hutajua mpaka siku ya kufunga.

Hizo 125 za fimbo zimefuata muundo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970. Kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, imekaa chini, inazungushwa na gia, na fimbo mbili zinapanda kusukuma valvu. Kwenye Boxer kamshafti iko juu kwenye hedi na inavutwa na cheni. Kwa anayeanza, kupatanisha nukta za alama za gia mbili ni rahisi kuliko kuhangaika na cheni na tenshena yake, ile inayoikaza. Zungusha krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kwa mkono mara mbili, utaona kamshafti imezunguka mara moja tu. Hapo ndipo utaelewa kwa nini valvu hufunguka pale zinapofunguka.

Usitoe pesa kabla hujasoma namba ya injini. Ikiwa imesagwa, ondoka, hata bei iwe nzuri vipi, maana namba hiyo huandikwa kwenye logibuku, na injini isiyo na namba huenda ni ya mtu aliyeibiwa. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 na muuzaji anatakiwa awe na leseni. Mwombe risiti yenye namba ya injini na jina lake.

Kisha toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, na mwenzako apige kiki huku injini imeshikwa. Upepo ukikisukuma kidole kwa nguvu, kompresheni ipo. Ukiwa hafifu, tia mafuta ya injini kama kijiko cha chai kupitia tundu lilelile, piga kiki tena. Nguvu ikipanda, kasoro ni ringi au silinda, kwa sababu mafuta yameziba mwanya kwa muda. Isipopanda, shuku valvu au gasketi. Kwako yote mawili ni sawa, mradi krenki inazunguka.

Chungulia kwa tochi tundu la ekzosi na la kabureta. Hewa yetu ya chumvi haina huruma: injini iliyolala wazi huota kutu ndani ya silinda. Mafuta ya injini yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Mwambie akupe na kabureta, koili na CDI (kile kisanduku cha umeme wa plagi), la sivyo hutaiwasha.

Bei isiachane sana na ya chuma kwa kilo. Pesa itakayobaki nunua bisibisi ya kugonga, kwa skrubu za kava zilizoshikana, na puli ya kung'olea magineti, lile gurudumu la sumaku lililo kwenye ncha ya krenki. Ukiing'oa magineti kwa patasi utaiharibu pamoja na shafti. Osha vipuri kwa dizeli, mbali na jiko la mama, wala si kwa petroli. Oili chafu iweke kwenye mtungi uipeleke gereji. Usiimwage mtaroni ikateremka hadi mikokoni.

Kwa kuwa inatoa moshi, anza juu: hedi, silinda, pistoni. Chukua ringi moja, itie peke yake ndani ya silinda, uinyooshe kwa kuisukuma na pistoni, upime mwanya wa ncha zake. Pima karibu na juu, pale ringi inaposugua, kisha chini kabisa, isipofika. Mwanya wa juu ukizidi sana, silinda imelika, na ringi mpya peke yake hazitazuia moshi.

Krenki usiifungue kwa sasa. Shika konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, uivute juu na chini. Ikicheza ubavuni kidogo ni kawaida. Ikicheza juu-chini, beringi imekwisha, na hiyo hutolewa kwa presi, mashine ya kukandamiza, kwa hiyo ipeleke kwa fundi mwenye presi nawe usimame uangalie. Ukishafunga, pima nafasi za valvu (upenyo juu ya ncha ya kila valvu) injini ikiwa baridi: milimita 0.08 kwa zote mbili.