Uzamili wa elimu kwa mchezaji anayetaka kuwa kocha: yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu, umeuliza hivi: umemaliza shahada ya kwanza, umebakiwa na msimu mmoja wa kuichezea timu ya chuo, unataka kuwa kocha, na umekwama kati ya kusoma shahada ya uzamili ya elimu na kuchukua vyeti vya ukocha peke yake. Wengi waliokujibu kabla yangu wamesema mpira hausomwi darasani. Mimi nilisimama hapo ulipo. Msimu wangu wa mwisho wa mpira wa kikapu niliucheza nikiwa mwanafunzi wa uzamili, na jioni tatu kwa wiki nilikuwa nafundisha timu ya wasichana wa miaka 13. Nitakueleza kwa urefu, maana jambo hili limenibadilisha na sitaki kulipunja.

Kama mengine yote utayaacha, hili lishike: kucheza vizuri hakukufundishi namna mtu anavyojifunza. Nilikuwa kiongozi wa mchezo uwanjani miaka minane, mimi ndiye wa kuuleta mpira mbele. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unafanya kazi bila mimi kuufikiria, na hiyo ndiyo sababu hasa nilishindwa kumfundisha mtu mwingine kuutumia wake. Ulipofika wakati wa kueleza, nilichokuwa nacho ni "nitazame mimi". Naruka, nafunga, na mtoto ananitazama kama mtu aliyeoneshwa nyumba nzuri bila kuoneshwa mlango.

Muhula wa kwanza nilipanga mazoezi kama nilivyopangiwa mimi utotoni. Mstari mmoja, kila mtu adunde mpira akitokea kulia, hatua mbili, auachie ubaoni, arudi nyuma ya mstari. Robo saa hivyo hivyo. Kisha kushoto robo saa. Kisha pasi. Kila kipande kilipokaribia mwisho mipira ilikuwa inaingia mfululizo, wasichana wanapiga makofi, nami narudi bwenini nimeridhika. Jumamosi kwenye mechi yote yanayeyuka. Mchezaji aliyefunga mara tisa kati ya kumi siku ya Alhamisi anafika chini ya kikapu upande wa kushoto, anasita, anauhamishia mpira mkono wa kulia, ananyang'anywa. Nikawa nasema hawana umakini. Nilimwambia hivyo mmoja wao mbele ya wenzake, na sura yake ya siku ile bado ninayo.

Katikati ya muhula, kwenye somo la saikolojia ya ujifunzaji, mhadhiri alitupa makala ya John Shea na Robyn Morgan ya mwaka 1979. Washiriki walishika mpira wa tenisi na kuangusha vibao vya mbao kwa mpangilio maalumu, haraka wawezavyo. Mipangilio ilikuwa mitatu, majaribio 54 kwa jumla. Kundi moja lilimaliza mpangilio wa kwanza wote ndipo likaingia wa pili, kisha wa tatu. Kundi jingine lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilikuwa na kasi zaidi. Walipopimwa tena, baada ya dakika 10 na baada ya siku 10, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wamebaki na ujuzi. Niliisoma ndani ya basi la timu tukitoka kucheza ugenini, wenzangu wamelala, na kila aya nilikuwa nawaona wasichana wangu wa Alhamisi. Nilikuwa nimepima kitu ambacho sicho. Nilichokiona uwanjani kilikuwa utendaji wa dakika ile. Kujifunza ni kile kinachobaki mtu akirudi siku nyingine, na siku ileile hakionekani.

Nikavunja mistari. Mpira mmoja kutokea kulia, unaofuata kutokea kushoto, kisha pasi, kisha kufunga huku mwenzake amemziba, bila mpangilio unaotabirika. Mazoezi yakawa mabaya kuyatazama. Mipira inapotea, wanagongana, wananiuliza kwa nini hatufanyi kama zamani. Mzazi mmoja alinifuata, akaniambia kwa upole kwamba watoto wamerudi nyuma tangu nilete mambo ya chuoni. Sikuwa na cha kumwonesha. Nilimwomba wiki sita. Ilikuwa wiki ya tano nilipomwona yule msichana niliyemwaibisha akitokea kushoto, beki amesimama upande wake wa kulia, akapanda na mkono wa kushoto moja kwa moja. Mpira uligonga ringi ukatoka nje. Nilishangilia kuliko kikapu chochote nilichowahi kufunga mwenyewe, kwa sababu safari hii alikuwa amechagua.

Nisikudanganye lakini. Nje ya maabara tofauti hiyo huwa ndogo zaidi, na mtoto ambaye hajawahi kushika mpira anahitaji kwanza kurudia kitu kimoja mpaka akielewe kinavyokwenda. Hilo nalo nililipata kwa kusoma, na limenizuia nisiugeuze utafiti mmoja kuwa amri.

Kazi iliyoniuma kuliko zote ilikuwa ya kujichunguza. Msimu wa 1974–75 wanasaikolojia wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikaa pembeni ya uwanja wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles huko Marekani, kwa mazoezi 15 wakiandika kila alichokifanya John Wooden, kocha wa timu ya kikapu ya chuo hicho, katika kufundisha. Ulikuwa msimu wake wa mwisho, na timu yake ilimaliza na ubingwa wa 10 wa vyuo vya Marekani ndani ya miaka 12. Walihesabu vitendo 2,326 vya kufundisha. Takriban nusu vilikuwa maelekezo ya wazi: fanya nini, na ukifanye namna gani. Sifa zilikuwa sehemu ndogo tu. Wooden alikuwa amewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na mazoezi yake aliyapanga dakika kwa dakika, kama mwalimu anavyoandika andalio la somo.

Basi nikatia simu mfukoni, nikarekodi saa nzima ya mazoezi yangu, usiku nikakaa na kalamu. Neno nililolisema zaidi ya yote lilikuwa "haya". La pili lilikuwa "safi". Majina yao nilikuwa nayaita kwa sauti kubwa, na baada ya jina hakuna kinachofuata. Kisha nikagundua kuna msichana mmoja ambaye kwa saa nzima sikumwambia neno. Si dhaifu, si hodari, mkimya, yuko katikati. Nilirudia kusikiliza nikidhani nimepitiwa. Sikuwa nimepitiwa. Miaka mitatu sasa karatasi yangu ya mazoezi ina majina yote pembeni, na kila ninayemwambia jambo la kumsaidia namwekea nukta. Ikifika nusu ya mazoezi, asiye na nukta ndiye ninayemfuata.

Hata maneno yenyewe nimejifunza kuyachagua. Nilizoea kuwaambia wanaopiga mitupo ya adhabu "kunja kiganja". Mwaka 2005 Tiffany Zachry, Gabriele Wulf na wenzao walionesha kwamba wapigaji walioelekeza mawazo kwenye ringi walikuwa na usahihi zaidi kuliko waliofikiria mkunjo wa kiganja, na hata misuli ya mkono ilitumia nguvu ndogo. Sasa nasema "udondoshe nyuma ya ringi", basi.

Sasa nikuelezee lililonichukua muda mrefu kulimeza. Nilitaka tasnifu yangu iwe juu ya timu yangu mwenyewe. Kamati ya maadili ya utafiti ilinirudishia maombi. Walitaka kujua jambo moja: mtoto anayetamani kupangwa Jumamosi anaweza kumkatalia kocha wake? Nilikasirika siku mbili. Nilikuwa na fomu ya ridhaa ya wazazi, nilikuwa na fomu ya watoto wenyewe, nikaona wananichelewesha tu. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kucheza mechi nzima na kifundo cha mguu kilichovimba, kwa sababu kocha aliniuliza "uko sawa?" mbele ya timu nzima. Swali lile lilikuwa na jibu moja. Kocha wangu hakuwa mtu mbaya, na kwa kweli nadhani aliamini amenipa nafasi ya kusema.

Tukapanga upya. Mwanafunzi mwenzangu ndiye aliyewaeleza watoto utafiti, akakusanya hojaji na kuzifungia; mimi sikujua nani amekubali na nani amekataa mpaka msimu ulipokwisha. Watoto wanne walikataa. Baadaye nilipoiona hiyo nne nilikaa nayo muda mrefu, maana kama ningewauliza mimi, naamini ingekuwa sifuri, na tasnifu yangu ingekuwa na majibu ya watoto waliokuwa wananiogopa. Uwanjani nako niliacha kuuliza "uko sawa?" hadharani. Namvuta mchezaji pembeni na kumuuliza: leo tuupumzishe mguu, au tujaribu nusu ya mazoezi? Wengi huchagua kupumzika, na sipungukiwi na kitu.

Kwa hao wanaokwambia mpira hausomwi darasani, nina jambo moja la kuwapa. Mwaka 1992 Nancy Barnett, Frank Smoll na Ronald Smith walichapisha utafiti juu ya makocha wa besiboli ya watoto huko Marekani. Baadhi walipewa mafunzo ya saa chache tu kuhusu kutia moyo, kurekebisha kosa bila kudhalilisha, na kutoa maelekezo yanayoeleweka. Msimu uliofuata, watoto walioacha mchezo kwenye timu za makocha hao walikuwa 5%. Kwa makocha wasiopata mafunzo, 26%. Na katika kushinda na kushindwa timu hizo hazikutofautiana. Fikiria, mtoto mmoja kati ya wanne anauacha mchezo, na kwenye jedwali la ligi hakuna anayeliona hilo.

Kuhusu ugumu wa masomo, uliouliza kwa wasiwasi: kusoma kwingi utakuzoea, una nidhamu ya mazoezi. Kilichonitoa jasho ni takwimu. Nilirudia mtihani wa kwanza. Usiliache somo hilo hadi mwisho, na usilichukue muhula wenye mechi nyingi za ugenini. Kabla ya muhula kuanza peleka ratiba ya mechi kwa kila mhadhiri kwa mkono wako. Wawili kati ya wangu walinipangia tarehe nyingine za kuwasilisha kazi kwa sababu tu niliwahi.

Kuna jambo jingine hukuuliza, ila naona linakuja kwako. Mechi yangu ya mwisho ilipokwisha nilikaa chumba cha kubadilishia nguo mpaka wafagiaji wakaingia. Tangu nina miaka 11 watu wakiniuliza mimi ni nani, nilikuwa najibu: mchezaji. Saikolojia ya michezo imelichunguza hili. Kuna kipimo kilichotengenezwa mwaka 1993 na Britton Brewer na wenzake kupima ni kiasi gani mtu amejitambulisha kwa uchezaji wake. Kwa wiki kadhaa sikutaka kuugusa mpira. Kilichonirudisha ni kwamba Jumanne ilifika na kulikuwa na watoto kumi na wawili wananisubiri uwanjani. Kwa hiyo usingoje kumaliza kucheza ndipo uanze kufundisha. Anza sasa, hata jioni moja kwa wiki.

Upande wa vyeti: uzamili hauchukui nafasi ya leseni ya ukocha. Mashirikisho ya michezo yana ngazi zake, na mengi hayatakuruhusu kukaa kwenye benchi la mashindano makubwa bila cheti chao, hata uwe na uzamivu. Vilevile shahada ya uzamili ya elimu haikupi kibali cha kufundisha darasani kila mahali; kuna programu zinazotoa kibali hicho na kuna zinazosoma elimu kama taaluma tu, na majina yake yanafanana sana. Uliza hilo kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Uliza pia kama kuna mafunzo kwa vitendo uwanjani na nani atakuja kukutazama ukifundisha. Ungekuwa unachagua kati ya programu yenye jina kubwa na ile ambayo mhadhiri anakuja kukaa pembeni ya uwanja na daftari, mimi ningekusukuma kwenye hii ya pili bila kusitasita. Na kama unaona huenda siku moja utataka uzamivu, chagua njia ya tasnifu badala ya kozi tupu.

Mimi kwa hali yako ningefanya vyote viwili, cheti cha ngazi ya kwanza kipindi cha mapumziko, uzamili kuanzia muhula ujao.

Msimu wako uliobaki ucheze wote. Ila kuanzia mazoezi ya kwanza beba daftari, na kila usiku andika mambo matatu: kocha alisema nini, wewe ulielewa nini, na mwili wako ulifanya nini. Mimi nilianza nikiwa nimebakiza mechi sita. Kurasa hizo ni chache, na ndizo ninazozifungua mara nyingi zaidi kuliko kitabu chochote cha darasani, kwa sababu humo kuna mchezaji anayeeleza jinsi inavyokuwa kutoelewa, na huyo siwezi tena kumpata mahali pengine.