Maswali ya Wasomaji: Mau Mau na Simulizi la Taifa

SWALI: Wakoloni waliipiga marufuku Mau Mau mwaka 1950, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Iweje serikali ya Kenya huru iwaache wapigania uhuru nje ya sheria muda wote huo, kisha imjengee kiongozi wao, Dedan Kimathi, sanamu? (Msomaji, Nyeri)

JIBU: Ndugu msomaji, kura na polisi havitoshi kumweka mtawala madarakani, huhitaji pia simulizi linalowaeleza raia kwa nini ni yeye anayestahili kutawala. Mzee Jomo Kenyatta alirithi nchi ambamo baadhi ya watu walikuwa wameingia msituni, wengine walikuwa wamewatumikia Waingereza kama askari wa ulinzi wa vijiji, na wengi hawakuwa na upande katika vita ile. Kuwatukuza wapiganaji pekee kungewapa haki ya kudai kwanza, hasa ardhi, ilhali sehemu kubwa ya mashamba ya walowezi ilikuwa ikiuzwa, na waliotoka msituni au kizuizini mara nyingi hawakuwa na fedha za kuyanunua. Ndipo ikahubiriwa kwamba sote tulipigania uhuru. Sikatai kwamba kauli hiyo ilituliza visasi, lakini ilifuta deni pia.

Hata hivyo, kumbukumbu haikuzikwa yote. Mtaa wa Hardinge jijini Nairobi ulipewa jina la Kimathi. Oktoba 20, siku ambayo mwaka 1952 ilitangazwa hali ya hatari na viongozi wengi wakakamatwa, ikawa sikukuu yenye jina la mmoja wao tu, Kenyatta, hadi Katiba ya 2010 ilipoiita Siku ya Mashujaa.

KANU, chama kilichotawala tangu uhuru, iliposhindwa mwaka 2002, serikali ya Mwai Kibaki ilihitaji mashujaa ambao KANU ilikuwa imewapuuza, ingawa Kibaki mwenyewe alikuwa waziri wa Kenyatta na makamu wa Moi. Sanamu ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe, na mwaka huohuo ulikuwa wa uchaguzi. Kimathi huyo wa shaba ameshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili, silaha ambazo simulizi la awali lilipendelea kutozitaja. Heshima hiyo ilistahili, tena ilichelewa. Lakini suala la ardhi, lililowapeleka wengi msituni, halikuguswa nayo.