Gari Linagonga Miguu, Gereji Inakana Dhamana: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za toleo hili zinahusu miguu ya gari: bushi (mipira ya kwenye maungio), shokapu (zinazotuliza mdundo), boljointi (kiungo kinachoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona). Spea imebadilishwa, kelele imerudi, na aliyepokea fedha anasema kosa si lake. Tumechagua tano.

*Habari za kazi. Toyota IST yangu imebadilishwa bushi za wishiboni mara tatu tangu Januari, mguu wa kulia. Kila mara inatulia wiki tano au sita, kisha inaanza tena kugonga kwenye matuta, na nikifunga breki gari linavuta upande. Fundi anasema spea za siku hizi ni feki. Mwenye duka anasema fundi hajui kazi. Nimwamini nani?*
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Kabla hujanunua bushi za nne, muulize fundi: zile bolti kubwa za wishiboni, ule mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na bodi, ulizikaza gari likiwa juu ya jeki, mguu unaning'inia, au uzito ukiwa umeshaukalia mguu?

Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani na kwenye ganda la nje. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa lisisogee, na kila mguu unapopanda au kushuka mpira unajinyonga kidogo, kisha unarudi. Ukikaza mguu ukiwa unaning'inia, mpira unachukua mkao huo kuwa ndio mapumziko yake. Gari likishushwa, mpira umeshanyongwa kabla tairi halijazunguka hata mara moja, na kila tuta linaongeza mnyongo mwingine juu yake. Hata bushi ya orijino kutoka Japani haitadumu hapo.

Kazi sahihi inaanza gari likiwa bado chini. Pima kwa futi ya chuma kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, uandike. Gari likishapanda stendi na wishiboni ikisharudishwa, ingiza bolti zote na uzikaze zishike tu. Kisha weka jeki chini ya wishiboni, karibu na boljointi, uinue mguu hadi kipimo kile kirudi. Hapo ndipo unakaza kwa spana ya torki, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo. Shughuli hii haimalizi nusu saa, ndiyo maana inaumiza kuona watu wanalipia bushi mara tatu kwa sababu imerukwa.

Kuna mengine mawili ya kuangalia. Bushi ya nyuma ya wishiboni, ile inayobeba nguvu ya breki, aghalabu ina matundu kwenye mpira na alama ya mkao. Ikishindiliwa kwa nyundo na kukaa kinyume, sehemu nyembamba ndiyo inayovutwa, inachanika. Na ikiwa upande huo injini inavuja mafuta, mpira unavimba na kulainika, hata kama fundi amefanya kila kitu sawasawa.

Bushi iliyotolewa inaweza kusema mengi. Mpira uliobanduka kwa kuzunguka bomba la ndani unaelekeza kwenye ukazaji. Mpira uliovimba na kunata unaelekeza kwenye mafuta. Mpira uliopasuka ovyo ukiwa mkavu, na wa pili yake kwenye mguu wa kushoto uko hivyo hivyo, hapo ndipo duka lina maswali ya kujibu. Kwa mguu uleule, wiki zilezile, mara tatu mfululizo, sisi tungeanza na ukazaji. Na kwa kuwa gari linavuta kwenye breki, linganisha wishiboni ya kulia na ya kushoto. Iliyopinda kwenye shimo la barabarani haiponi kwa kubadilishiwa bushi.

Usikubali bushi za kuchongwa kutoka tairi la lori kwa mguu wa mbele. Hazina bomba lililogandishwa na mpira, kwa hiyo zinasuguana badala ya kujinyonga, na ulegevu unarudi haraka.

*Nilinunua shokapu mbili mpya za mbele, dhamana miezi sita. Mwezi wa pili ya kushoto ilianza kuvuja. Duka linasema imeumizwa na fundi, na kwamba risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Je, nina haki yoyote?*
Msomaji, Kisauni, Mombasa

Ng'oa kifuniko cha vumbi, ufute ile fimbo ya kromu kwa kitambaa safi, kisha pitisha ukucha juu yake taratibu, kutoka juu hadi chini. Ukucha ukinasa kwenye mikwaruzo, duka lina hoja nzito. Mafundi wengi huishika fimbo kwa plaizi ili isizunguke wanapokaza nati ya juu. Meno ya plaizi yanaacha makovu, na kila fimbo inapozama kovu linakata sili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke. Fimbo ina pembe au tundu la ufunguo wa aleni kwenye ncha yake kwa ajili ya kuishikilia, hapahitajiki plaizi. Ukikuta makovu hayo, anayedaiwa ni aliyefunga.

Fimbo ikiwa laini, angalia mambo mawili zaidi kabla ya kurudi dukani: kile kizuizi cha mpira kinachokaa juu ya fimbo, na kifuniko chenyewe cha vumbi. Vikiwa vimeoza au havikurudishwa, shokapu imekuwa ikigonga mwisho wake na kula mchanga, na duka litalisema hilo. Vikiwepo na vikiwa vizima, sili imekufa yenyewe, na dhamana ni yako.

Hakikisha pia ni kuvuja, si jasho. Utando mwembamba wa mafuta ulioshika vumbi karibu na sili ni kawaida, kwa sababu fimbo inahitaji kulainishwa. Kuvuja ni mafuta yanayotiririka hadi nusu ya chini ya shokapu. Ifute ikauke, piga picha na mita ya kilomita ionekane, endesha wiki moja, piga tena. Picha mbili za namna hiyo zina nguvu kuliko kelele za saa nzima kwenye kaunta.

Kuhusu maandishi ya risiti: kukataa kurudishiwa mali nzima kwa sababu mteja kabadili mawazo ni jambo moja, kukwepa mali yenye kasoro ni jingine. Kwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora unaokubalika, na sentensi iliyochapwa chini ya risiti haimwondolei wajibu huo. Sheria hiyo pia inamgusa fundi: spea mpya alizofunga na kazi ya kuzifunga zina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia, hata kama hakuandika popote. Kwa wasomaji wa Tanzania, malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na kitu cha kwanza kubeba ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ukinunua spea Kariakoo ukapewa punguzo na kikaratasi cha mkono, ijue bei ya punguzo hilo: umeacha ushahidi wako dukani.

*Subaru Forester yangu ya 2004 ilikuwa imeinama nyuma. Gereji ikanibadilishia shokapu zote mbili za nyuma. Wiki moja tu, imeinama zaidi ya mwanzo, hasa nikipakia. Wanasema shokapu hazijavuja, kwa hiyo dhamana haihusiki.*
Msomaji, Eldoret

Forester nyingi za umri huo zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe. Ndani yake mna pampu inayofanya kazi kwa mtikisiko wa barabara: gari likipakiwa, baada ya mwendo mfupi nyuma inainuka na kurudi kimo chake. Kwa kuwa shokapu hizo zinabeba sehemu ya uzito, kiwanda kiliweka springi laini. Shokapu ya kawaida haibebi uzito, inatuliza mdundo tu. Ukiifunga juu ya springi zilezile laini, nyuma lazima ishuke.

Basi gereji inasema kweli kwamba shokapu ni nzima, lakini si hiyo hoja. Ulipeleka gari kwa sababu limeinama, wakakuuzia kitu kisichoweza kuliinua. Tiba ni mbili: shokapu za kujipandisha kama za awali, ambazo bei yake huuma, au ubaki na hizi za kawaida pamoja na jozi ya springi za nyuma za Forester ya umbo lilelile isiyokuwa na mfumo huo. Njia ya pili inadumu vizuri. Usikubali vipande vya mpira kati ya mizunguko ya springi, wala spesa juu yake. Spesa inainua bodi lakini springi inabaki laini ileile.

Maoni yetu kuhusu malipo: springi ungezihitaji hata kama wangekushauri vizuri siku ya kwanza, kwa hiyo zilipie. Kufungua na kufunga mara ya pili ni juu yao, na ni haki yako kulidai hilo bila kuona haya.

*Pikapu mpya, miezi 14, kilomita 38,000. Boljointi ya chini kushoto imebadilishwa mara mbili chini ya dhamana. Sasa imelegea ya tatu na wakala amekataa: "barabara mbovu". Naishi kwenye barabara ya murami, nitaendesha wapi pengine?*
Msomaji, Machakos

Kwanza usalama. Boljointi ikichomoka, gurudumu linakunjamana chini ya gari na usukani haukusikilizi tena. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise huku mtu mwingine akikanyaga breki. Ulegevu ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi. Ukibaki, gari lipelekwe kwa kuvutwa.

Sasa kwa wakala. "Barabara mbovu" ikisemwa kwa mdomo haina uzito. Omba kwa maandishi mambo matatu: kifungu cha kitabu cha dhamana wanachokitegemea, kipimo cha ulegevu walichokipata kwa milimita na kikomo kinachoruhusiwa na mtengenezaji, na walichokikagua mara mbili za kwanza zaidi ya kubadilisha spea. Swali la tatu ndilo linalobana zaidi. Boljointi moja inayokufa mara tatu upande mmoja, huku ya kulia inayopita murami uleule ikiwa nzima, haielezwi na barabara. Inaelezwa na tundu la nakoli (chuma kinachobeba gurudumu) lililopanuka kiasi kwamba ile ncha ya boljointi yenye umbo la koni haikai sawa, au na mkono uliopinda, au na nati ya zamani iliyorudishwa. Waombe wapake rangi nyembamba kwenye koni, waiingize tunduni na kuitoa: rangi ikiguswa upande mmoja tu, tundu limeharibika.

Pikapu inauzwa kwa ajili ya murami, kwa hiyo kupita murami si matumizi mabaya. Kinachoweza kukuangusha ni kuzidisha mzigo, matairi makubwa kuliko ya kiwanda, au kuinuliwa kwa spesa, kwa kuwa mwinuko unailazimisha boljointi kufanya kazi katika pembe isiyo yake. Kama umefanya lolote kati ya hayo, jua kwamba watalitumia.

Kusanya kadi za kazi za mara zote mbili, zenye tarehe na kilomita. Omba boljointi zilizotolewa. Litikiseni gurudumu pamoja na msimamizi wa gereji, wewe na yeye mkihisi kitu kimoja, kisha aandike alichohisi. Usitengeneze kwingine kabla ya ukaguzi, kwa sababu ushahidi utakuwa umetupwa na spea. Wakikazana, tafuta ripoti ya mkaguzi wa nje, wakiwemo AA Kenya, chama cha wenye magari, uandike barua ya madai yenye siku 14 za kujibu. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea madai hadi shilingi milioni 1, haikulazimishi kuwa na wakili, na imewekewa siku 60 za kutoa uamuzi.

*Tairi mpya za mbele zimelika ukingo wa ndani kwa miezi mitatu. Nilipiga alaimenti siku nilipozifunga. Duka la tairi linasema alaimenti, wa alaimenti anasema tairi.*
Msomaji, Dodoma

Omba ile karatasi ya alaimenti, yenye vipimo vya mkao wa magurudumu kabla na baada. Kama hukupewa, hujui kilichofanyika. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kurudi: ukihisi meno makali upande mmoja wa mwendo, magurudumu hayako sambamba, na hilo linarekebishwa kwenye tairodi, fito zinazogeuza magurudumu. Ukingo wa ndani ukiwa umelika laini bila meno, gurudumu limelala kwa ndani upande wa juu, na mara nyingi chanzo ni bushi zilizokufa au springi iliyochoka. Alaimenti iliyopigwa juu ya bushi mbovu inaharibika gari likitoka tu getini, maana mkono unahama kila ukifunga breki. Anza na ulegevu wote wa miguu, malizia na alaimenti, na kila mara wishiboni, shokapu za mbele au tairodi zikiguswa, ipigwe upya. Upepo ujaze kwa kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tairi zikiwa baridi. Tairi zilizolika ukingo zihamishie nyuma kwa sasa kama bado zina kashata (michirizi ya kushika barabara) ya kutosha, na kama waya umeanza kuonekana, zitoe leo.