Je, 4294967297 ni namba tasa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye somo la kompyuta tumefundishwa kwamba biti 32 zinatoa mipangilio 4294967296. Nikaongeza 1, nikaanza kuigawanya kwa namba tasa moja moja, kuanzia 3 mpaka 97. Zote zinabakiza. Binamu yangu anasema kwa kuwa inaishia na 7, basi hiyo ni tasa, niache kujisumbua. Ni kweli? – J., Morogoro

JIBU: Marahaba. Binamu yako muulize 27 inaishia na ngapi.

Namba yako si tasa, ila usione haya, maana aliyedanganyika nayo kabla yako ni Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyezijua namba kuliko maprofesa wa zama zake. Aliona 3, 5, 17, 257 na 65537 (toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, ongeza 1, unapata inayofuata) zote ni tasa, akaamini inayofuata, ambayo ndiyo yako, nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, akaipasua: 641 × 6700417.

Njia yako ingekufikisha huko, kwani 641 ni namba tasa ya 116. Lakini kujaribu kila namba ni kazi ya punda. Kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Ukichuja hivyo unabaki na 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano tu! Mimi wanafunzi wangu niliwakataza kushika kikokotoo kabla hawajajiuliza kigawo wanachokitafuta kina sura gani.

Na hata kikokotoo si lazima. 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Tunapogawanya kwa 641, basi, 5 × 128 ni sawa na kubakiza hasi 1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: hasi 1 inageuka 1, na 5 × 128 inakuwa 625 × 2²⁸. Sasa 625 nayo ni sawa na hasi 16, yaani hasi 2⁴. Ibadilishe, utapata hasi 2³² inabakiza 1. Kwa hiyo 2³² + 1, ambayo ndiyo namba yako, haibakizi kitu. Kwangu mimi hakuna mistari mitano mizuri kuliko hii katika hesabu nzima. Inakili kwenye daftari, si kwenye simu.

Hicho kipande kikubwa, 6700417, chenyewe ni tasa, usihangaike nacho. Ukitaka kazi, chukua inayofuata katika safu ya Fermat: 18446744073709551617. Ilipasuliwa mwaka 1880 na Mfaransa Landry, na kigawo chake kidogo ni 274177. Simu nyingi zitakukatia tarakimu za mwisho, kwa hiyo gawanya kwa mkono.