Kipimo cha dozi kinasoma pungufu mchana, Mtwara

Ndugu, umeuliza kwa nini chemba yenu ya ayoni (kipimo cha mionzi chenye hewa ndani, ambayo mionzi huigeuza ayoni, yaani chembe zenye chaji) husoma pungufu mchana ilhali mipangilio ya eksirei ni ileile. Chemba hiyo ina tundu: joto likipanda, hewa hutanuka na kutoka, kwa hiyo ayoni hupungua. Zidisha usomaji kwa (273.15 + T) ÷ 293.15, T ikiwa nyuzi za Selsiasi za chumbani, kisha kwa 101.325 ÷ P, yaani shinikizo la hewa ya chumbani humo kwa kilopaskali. Nyuzi 30, jambo la kawaida Mtwara, pekee huongeza asilimia 3.4. Hesabu hii ni ya chemba iliyosanifishwa kwa nyuzi 20; cheti chake cha usanifishaji kikitaja nyuzi 22, weka 295.15 badala ya 293.15. Ila angalia kwanza kama kifaa hujirekebisha chenyewe, tafadhali. Kusahihisha mara mbili nako ni kosa. Chemba ikitoka kwenye kiyoyozi, iache ipate joto la chumba: unyevu ukitonea kwenye kiunganishi, mkondo wa umeme huvuja. Pima uvujaji kabla ya kupiga mionzi.