Mwanangu, kuhusu mapigo yetu kule Menengai

Kiamunyi, Nakuru

Mwanangu,

Swali lako la Jumapili halijanitoka. Tukiwa kibarazani saa yako ilisoma mapigo 68 kwa dakika kwako, na ulipoihamishia mkononi mwangu ikasoma 68. Tulipofika ukingo wa kreta ya Menengai wewe ulikuwa 172, mimi 134, na bado mimi ndiye niliyehema hadi nikashika mti. Ukauliza: mioyo inayolingana ikikaa, mbona iachane mlimani?

Hailingani hata ikikaa. Juu ya chumba cha moyo cha upande wa kulia, pale damu ya kichwani na mikononi inapoingilia, pana kishada kidogo cha seli zinazoanzisha mapigo bila kuamrishwa. Watafiti Keith na Flack ndio waliokieleza, mwaka 1907. Neva zikinyamazishwa kwa dawa, kishada cha mtu wa miaka 24 kama wewe hupiga karibu mara 104 kwa dakika. Vipimo vilivyochapishwa 1970 vilionyesha kasi hiyo hushuka kadiri umri unavyosonga. Kwa miaka yangu 66 ni kama 80.

Kwa hiyo 68 yako ni moyo unaotaka kukimbia, na neva ya vegasi kutoka shina la ubongo imeushikilia. Kwangu seli zimepungua, nyuzi ngumu zimejipenyeza katikati yake, lakini mshiko wa vegasi nao umelegea. Tumefika 68 kwa njia mbili tofauti! Miaka yote niliyofanya kazi wodini nilihesabu mapigo ya wagonjwa, na jambo hili bado linanishangaza.

Jishike kifundo cha mkono usiku ukitulia. Ukivuta pumzi mapigo yataharakisha kidogo, ukiitoa yatalegea. Hiyo ni vegasi ikiachia na kukaza. Yangu siku hizi huenda sare, pumzi iingie au itoke.

Mlimani vegasi huachia, kisha neva za kuchochea na adrenalini hushika kazi. Mwili wangu humwaga noradrenalini, kemikali ya neva hizo, nyingi kuliko wako, ila moyo hauitikii kama zamani. Ni kama kumwita mtu aliyeanza kuwa mzito wa kusikia. Ndiyo maana kiwango cha juu cha mapigo hushuka. Kwa makadirio ni 220 utoe umri: wewe 196, mimi 154. Sasa piga hesabu. 134 yangu ni asilimia 87 ya kiwango changu, na 172 yako ni karibu 88 ya chako. Mwanangu, tulikuwa tunajitahidi sawasawa.

Ukiniona asubuhi nimekaa kwanza ukingoni mwa kitanda, usiogope. Nikisimama ghafla moyo huchelewa kuongeza kasi, presha ikashuka, nikaona giza. Lakini nikizimia, au mapigo yakishuka chini ya 40 huku nina kizunguzungu, usiseme ni uzee. Nipeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Desemba tutapanda tena. Tutaondoka mapema kabla jua halijawa kali, na nikisema tupumzike, tutapumzika.

Mama yako